Ukijua kusoma slaidi ya malaria, unaweza kupima mto kwa damu ya kambare

Mimi ni mtu wa maabara hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni slaidi za malaria. Rangi ya Giemsa, methanoli na darubini yenye lenzi ya kukuza mara 100 vinatosha pia kuchunguza kama maji yanamdhuru samaki anayeishi ndani yake. Nawaandikia wenzangu wa zahanati na walimu wa biolojia. Mito inayopita mjini mwetu inachafuka tukiiona, na ujuzi wa kuitolea ushahidi tunao.

Seli nyekundu za samaki, tofauti na zetu, hubaki na kiini. Kemikali inayovunja kromosomu au kuvuruga mgawanyiko wa seli husababisha kipande kiachwe nje, na kipande hicho huwa kiini kidogo cha duara kando ya kile kikubwa. Kama umewahi kusoma damu ya mgonjwa wa selimundu ukaona vidoa vya Howell-Jolly, yaani masalia ya kiini ndani ya seli nyekundu, basi kitu chenyewe unakijua. Metali nzito, masalia ya mafuta yaliyoungua na baadhi ya viuatilifu huongeza viini hivi.

Usianze kwa kununua samaki kwenye ufukwe wa Dunga. Samaki wa ziwani huogelea anakotaka, na aliyevuliwa leo hapa hujui wiki iliyopita alikuwa wapi. Tumia vizimba. Chukua vifaranga vya kambare wa rika moja kutoka bwawa moja, wasiopungua kumi kwa kila kizimba. Napendelea kambare, yaani mumi, kwa sababu huja juu kuvuta hewa. Ngege, yaani tilapia, kwenye maji yaliyokosa oksijeni atakufa kabla hajakuambia lolote. Weka kizimba kimoja mto Kisat, chini ya eneo la viwanda, na kingine mto Kibos huko juu Kajulu, kabla maji hayajafika mjini. Wengine wabaki bwawani walikotoka, kwa sababu hata maji ya Kajulu yamepita mashambani. Pata kwanza idhini ya ofisi ya uvuvi, na zungumza na wenyeji wa pale, maana kizimba kisicho na mwangalizi huishia sufuriani. Waache kama wiki mbili. Damu ya samaki hutengenezwa kwenye figo, na seli zilizodhurika zinahitaji siku kadhaa kuingia kwenye mzunguko.

Siku ya kutoa damu, walaze samaki kwa mafuta ya karafuu. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji, kwa hiyo yeyushe kwanza kwenye ethanoli, sehemu moja kwa tisa, kisha tia nusu mililita ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji. Samaki akishapoteza mizani na kulala ubavu, mtoe na umfute mkiani kwa kitambaa kikavu. Hapa usifanye haraka: tone la maji likiingia kwenye damu, seli hunywa maji na kupasuka, na slaidi yako itakuwa ukungu mtupu. Ingiza sindano iliyolowanishwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, chini ya mkia, nyuma ya pezi la mkunduni, katikati kabisa, mpaka uguse uti wa mgongo, kisha rudi nyuma kidogo na uvute taratibu. Tone moja linatosha. Litandaze kwenye slaidi liwe filamu nyembamba, iache ikauke, iweke kwenye methanoli dakika kumi, halafu Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika ishirini. Rangi ichujwe, kwa sababu chembe zake ni adui mkubwa wa kazi hii. Samaki aliyetiwa karafuu asiliwe wala kuuzwa.

Kabla ya kuhesabu, mwombe mwenzako azibe majina ya slaidi na kuandika namba anazozijua yeye tu. Jicho linalojua hii ni ya Kisat litaona vidoa kila mahali.

Kiini kidogo cha kweli ni duara, hakizidi theluthi moja ya kiini kikuu, kimeachana nacho kabisa, na kina rangi ileile ya zambarau. Zungusha skrubu ya kulenga: kiini kidogo na kikubwa huonekana vizuri pamoja, wakati chembe ya rangi hung'aa na kuelea juu ya seli. Seli zilizolaliana ziruke. Ukiona kitu kirefu chenye utando wa mawimbi kati ya seli, hicho ni tripanosoma, vimelea ambavyo kambare wa huku huwa navyo. Hesabu seli 2,000 kwa kila samaki.

Viini hivi ni nadra hata kwa samaki aliyedhurika. Ukikuta kimoja kwa samaki huyu na vitatu kwa yule, bado huna neno. Linganisha kundi na kundi, samaki wote wa Kisat dhidi ya wote wa Kajulu na wa bwawani, na rudia msimu wa mvua na wa kiangazi. Bila kundi la kulinganisha, namba yako haina maana yoyote, na mtu akikuletea namba ya mto mmoja pekee akidai ni ushahidi, mkatalie.

Kipimo hiki pia hakitaji jina la sumu. Kinakuambia kuna kitu kinachoharibu kromosomu, na kwamba samaki amekipata mwilini, jambo ambalo chupa ya maji haiwezi kukuonyesha. Kundi la Kisat likizidi waziwazi, chukua tope la mtoni pale penye kizimba, ulipeleke kupimwa risasi, kromiamu na kadimiamu kwenye maabara yenye mashine ya metali, na matokeo yote mawili uyapeleke NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa pamoja. Slaidi usizitupe. Zifute mafuta ya lenzi, ziweke kwenye kasha mbali na mwanga pamoja na orodha ya namba, ili mtu mwingine aweze kuzihesabu upya.