Kumpangia mtu mazoezi bila kumuumiza: hatua ninazofuata chumba cha tiba ya viungo, Mtwara

Wengi wanaofika kwangu wameshika karatasi yenye maneno mawili: "afanye mazoezi." Mazoezi gani, mara ngapi, kwa muda gani, hakuna. Hebu fikiria mtu atoke kliniki na karatasi imeandikwa "ameze dawa." Akifika nyumbani ama ataiweka chini ya godoro, ama Jumamosi atajiunga na vijana wa mchakamchaka wanaotoka uwanja wa Nangwanda Sijaona kuelekea Mikindani, na presha yake ile ile.

Nauandikia mwongozo huu wenzangu wanaoanza kazi ya tiba ya viungo, wahudumu wa afya wa vijijini, walimu wa jimu na hao viongozi wa mchakamchaka.

Hatua ya 1: Uliza siku yake inakwendaje

Usiulize "unafanya mazoezi?" Jibu utakalopata halina faida. Nilimuuliza hivyo mama mmoja wa miaka 52, wa upande wa Nanguruwe, mwenye presha na sukari. Akanijibu, "Hapana mwanangu, mimi mkulima tu." Tulipokaa vizuri nikajua kwamba kuanzia Oktoba hadi Desemba anaamka alfajiri, anainama chini ya mikorosho kuokota hadi jua linapokuwa kali, kisha anarudi na ndoo kichwani. Mtu kama huyu ukimwongezea zoezi la kuinama mwezi wa Novemba, unamvunja mgongo. Msimu ukiisha, hukaa miezi bila kazi ya kumtoa jasho, na hapo ndipo zoezi linapohitajika.

Wa pili ni dereva wa bodaboda. Jioni yuko hoi, anaapa kwamba kazi yake ni mazoezi tosha. Amechoka kweli, ila amekaa kwa muda wa saa kumi na moyo wake haujafanya kazi ya maana. Kuchoka na kufanya mazoezi ni vitu viwili.

Kwa hiyo chora siku nzima ya mtu: anaamka saa ngapi, anabeba nini, anakaa wapi, dawa anameza saa ngapi.

Hatua ya 2: Mchuje

Maswali yangu ni haya: kifua kimewahi kubana ukitembea au ukipanda kilima? Umewahi kuzimia au kupata kizunguzungu? Una ugonjwa wa moyo, pumu, seli mundu? Una mimba? Dawa zipi unatumia (azitoe mfukoni, usikubali "zile nyeupe")? Leo una homa? Mwenye homa arudi nyumbani, malaria na mazoezi havikai pamoja.

Kisha presha. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza, asiongee. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 110, siku hiyo simwanzishi, namrudisha kwa daktari.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari), pima sukari kabla. Ikiwa chini ya 5 (milimoli kwa lita), ale kwanza kitu chenye wanga kama gramu 15 hadi 30. Ndizi mbivu moja ya wastani inaingia humo. Ikizidi 13.9 na anajisikia vibaya au mkojo una ketoni (taka za mwili unaochoma mafuta kwa kukosa insulini), hakuna zoezi. Mvue viatu umwone nyayo. Kidonda kilichojificha chini ya kidole hakiumi kwa mtu mwenye ganzi, na ukimtembeza juu yake wiki mbili utajuta.

Mtu mzima mwenye afya, asiye na dalili wala ugonjwa, usimsumbue na vipimo vingi. Kutembea kwa kasi ya wastani anaweza kuanza leo hii.

Hatua ya 3: Andika dozi

Mambo manne: mara ngapi kwa wiki, ukali kiasi gani, dakika ngapi, zoezi gani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Wenye miaka 65 kwenda juu waongeze mazoezi ya usawa, ya kutoanguka, siku tatu au zaidi.

Hapo ni mwisho wa safari. Mwanzo wa mtu aliyekaa miaka kumi ni dakika kumi tu kwa siku, na usimwonee aibu kumwandikia hivyo.

Hatua ya 4: Ukali, hapa ndipo nilipokosea

Vitabu vinatufundisha hesabu ya mapigo ya moyo. Toa umri kwenye 220 upate kilele. Kwa mtu wa miaka 50 ni 170. Kama mapigo yake akiwa ametulia ni 70, baki ni 100. Asilimia 40 ya hiyo ni 40, asilimia 60 ni 60. Ongeza 70, unapata kazi ya wastani kati ya mapigo 110 na 130 kwa dakika. Hesabu nzuri, na kwa mtu mwenye afya inasaidia, ingawa hiyo 220 ni makadirio na watu hutofautiana.

Miaka yangu ya mwanzo nilimpa mzee mmoja namba ya namna hiyo. Nikamfundisha kujipima kwenye kifundo cha mkono, akaelewa haraka, nikafurahi. Kesho yake akaenda kutembea ufukweni Shangani. Akajipima, chini ya 90. Akaongeza mwendo, bado. Akaanza kukimbia. Kijana wake ndiye aliyemrudisha kwangu amemshika bega, midomo imekauka, na mzee ananiambia taratibu kabisa, "Mwanangu, ile namba yako haifiki."

Alikuwa anatumia atenololi, dawa ya presha. Dawa za kundi lake huyazuia mapigo yasipande kama kawaida, hata mtu akikimbia mpaka adondoke. Dawa ilikuwa imeandikwa kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa ambao sikuufungua.

Tangu hapo natumia salamu. Akiwa anatembea, aweze kuongea sentensi nzima, lakini asiweze kuimba. Na kwa mwendo wa huku kwetu kipimo kinajileta chenyewe, maana utapita wapi usikutane na mtu? "Shikamoo." "Marahaba, hujambo, watoto hawajambo, za huko nyumbani?" Akiweza kuitikia zote bila kukata pumzi, yuko sawa. Akiishia kunyanyua mkono tu, apunguze. Akiweza kuitikia na kuanzisha hadithi ya bei ya korosho, aongeze mwendo. Kwa anayependa namba, mwambie ajipe alama kuanzia 0 ya kukaa hadi 10 ya kushindwa kabisa. Kazi ya wastani ni 5 au 6.

Hatua ya 5: Nguvu

Benchi linatosha. Akae mbele kidogo, nyayo zirudi nyuma ya magoti, mikono kifuani, ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Watu wengi hawasimami kwa sababu hawainami. Wanajivuta kwa nguvu ya shingo. Hesabu anasimama mara ngapi kwa sekunde 30, andika, utalinganisha baadaye.

Kwa mikono, kidumu cha maji cha lita 3 ni kilo 3, bei yake unaijua. Marudio 8 hadi 12, wazee na wanaoanza 10 hadi 15 kwa uzito mwepesi zaidi, siku mbili zisizofuatana. Mwenye presha ahesabu kwa sauti, kwani anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ndiko kunakopandisha presha ghafla.

Bibi mmoja wa Newala alikataa katakata mazoezi yangu ya nyonga, eti ya kitoto. Nikamwomba anionyeshe ngoma ya sindimba. Dakika tatu, magoti yamekunjwa, nyonga zinazunguka, anacheka. Ndiyo ikawa dozi yake. Mwenye goti bovu asishuke chini sana, basi.

Hatua ya 6: Joto na njia

Wakati wa kaskazi, unyevu wa pwani yetu hufanya jasho lisikauke mwilini na joto lisitoke. Atembee alfajiri au baada ya alasiri, anywe maji, hasa anayetumia dawa za kukojoa. Mwezi wa Ramadhani nahamishia baada ya futari, chakula kikishatulia. Mwenye insulini azungumze kwanza na daktari wake juu ya kufunga kwenyewe.

Njia nayo ni sehemu ya dozi. Dakika ishirini kando ya bahari na dakika ishirini za kupanda kwenye Boma la Mikindani si kitu kimoja.

Hatua ya 7: Lini aache

Kifua kubana, kizunguzungu, jasho la baridi, kuhema kusikotulia akipumzika, mkono au uso kufa ganzi: asimame, akae, apelekwe hospitali. Goti kuuma kidogo wakati wa zoezi navumilia. Likiendelea kuuma zaidi hadi kesho yake muda kama ule, napunguza.

Hatua ya 8: Arudi

Baada ya wiki mbili. Ongeza dakika kwanza, 5 hadi 10 kila wiki moja au mbili. Ukali uje mwisho.

Yule mama wa Nanguruwe hasomi, kwa hiyo nilimchorea: jua linalochomoza, miguu miwili, ndizi, na visanduku vitano vya kila wiki avitie mstari. Aliporudi visanduku tisa vilikuwa na mistari ya mkaa, kimoja kitupu.

"Hiki je, mama?"

"Tulikuwa na msiba."

Nikampima presha, nikamtazama nyayo, tukaongeza dakika tano.