Mgonjwa wako anasubiri upasuaji? Mtafuteni mfamasia mapema

Wengi wanaofanyiwa upasuaji Mwanza si wakazi wa mjini. Wanatoka Ukerewe, Sengerema au Geita, wamepewa rufaa kuja hospitali ya Bugando au Sekou Toure. Safari ikipangwa, ndugu hukumbuka nauli, khanga, beseni, kadi ya bima na watu wa kuchangia damu. Dawa alizokuwa anameza mgonjwa zinabaki nyumbani, na wodini hakuna anayejua alikuwa anatumia nini.

Kabla ya kuondoka, kusanyeni dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na boksi zake: za presha, sukari, kifua kikuu, ARV, zilizonunuliwa duka la dawa muhimu, na mitishamba pia. Ukisema "anameza kidonge cheupe" hujamsaidia mtu. Mfamasia akiliona boksi anajua jina la dawa na miligramu zake, na anaweza kumtahadharisha daktari. Warfarin na aspirini, kwa mfano, hupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo lazima ijulikane lini zisimamishwe na lini zirudishwe. Msiziache kwa uamuzi wenu. Mwenye kisukari naye aulize mapema siku ya kufunga kula atumie dawa ipi na aache ipi. Kama penisilini iliwahi kumvimbisha uso, semeni hata msipoulizwa.

Faida ya mfamasia inaonekana zaidi baada ya upasuaji, dawa mpya zinapokutana na za zamani. Mama anayetumia dolutegravir, mojawapo ya ARV za kudhibiti VVU, amejifungua kwa upasuaji, akapewa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Akivimeza pamoja tumbo likiwa tupu, chuma huikamata dolutegravir na mwili haupati dawa ya kutosha. Mfamasia atampangia: dolutegravir masaa 2 kabla ya chuma au masaa 6 baada yake, la sivyo zote mbili pamoja na chakula. Na kama aliyekuja kumuuguza ni mama mkwe asiyejua hali yake, ana haki ya kuomba kuongea na mfamasia faragha. Aombe bila woga. Siri hiyo isimnyime dawa inayofanya kazi.

Metronidazole, dawa ya kuua bakteria, huongeza nguvu ya warfarin hadi mtu akavuja damu. Diclofenac, dawa ya maumivu, ni hatari kwa mwenye figo dhaifu au vidonda vya tumbo. Paracetamol kwa mtu mzima isizidi gramu 4 ndani ya masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ile ya dripu inahesabiwa humo humo. Mtoto apimwe uzito kwanza, maana dozi yake hutokana na kilo.

Dirisha la dawa likikosa kitu, ndugu hutumwa kununua nje. Mkirudi nacho, mfamasia akione kabla mgonjwa hajapewa, kwa kuwa dukani mnaweza kuuziwa dawa yenye miligramu tofauti na zilizoandikwa.

Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni ya matumizi salama ya dawa mwaka 2017, liliweka kipindi cha mgonjwa kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine kati ya maeneo matatu ya kipaumbele. Kwetu kipindi hicho ni siku ya ruhusa, na ndiyo siku ambayo kila mtu ana haraka. Msikimbilie meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kabla hamjajibiwa: dawa ipi ni mpya, ipi ya zamani inaendelea, ipi imeachwa kabisa. Cheti kikiandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, ombeni mpewe saa zenyewe, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Nunueni dozi nzima mkiwa bado mjini. Mgonjwa akivuja damu, akitoka vipele au akibanwa pumzi akiwa kisiwani, mpelekeni kituo cha afya cha karibu mara moja, na cheti pamoja na mfuko wa dawa mkononi.