Namna ya Kujenga Jumuiya ya Wauguzi Wanaofundisha kwa Umahiri: Kutoka Mwanza Mjini hadi Visiwani Ukerewe

Mkoa wa Mwanza haupungukiwi na watu wa kufundisha uuguzi. Bugando kuna hospitali ya kanda na chuo kikuu cha afya kilicho ubavuni pake, mjini kuna hospitali ya Sekou Toure, ng'ambo ya ghuba kuna ile ya Sengerema, Kwimba kuna ya Sumve, na kisiwani Ukerewe kuna ya Nansio. Kinachopungua ni mazungumzo kati ya mkufunzi wa darasani na muuguzi wa wodini, kwa kuwa wawili hao hulea mwanafunzi mmoja na bado hukutana, mara nyingi, siku ile tu mwanafunzi huyo anapokuwa amefeli au amekosea. Mitaala ya ngazi ya 4 hadi ya 6, yaani ya astashahada hadi stashahada, inayosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, imeandikwa kwa misingi ya umahiri, yaani mwanafunzi hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya kwa kiwango kinachotakiwa, na kazi hiyo huonekana wodini. Kwa hiyo jumuiya isiyo na watu wa wodini haitakuwa na la kupima.

Msianze na katiba, wala na uchaguzi wa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Nimeshuhudia vikundi vitatu vikimaliza mikutano yao yote katika kujadili jina na muhuri, kisha vikafifia. Anzeni na stadi moja, na ushauri wangu ni iwe kumsaidia kupumua mtoto mchanga aliyezaliwa bila kulia, kwa sababu hatua zake zinafahamika, muda wake unapimika kwa saa ya ukutani, na kila kituo chenye leba kinaihitaji.

Mkutano wa kwanza uwe na watu wanane au kumi, nusu kutoka vyuoni na nusu kutoka wodini, na muwe na mdoli mmoja wa mazoezi pamoja na mfuko na barakoa ya kupumulishia. Mwiteni mwanafunzi mmoja aliyeridhia afanye zoezi mbele yenu, huku kila mtu akijaza orodha hakiki yake kimyakimya, kisha fungueni karatasi zote kwa pamoja. Hapo ndipo kazi inapoanza. Katika kikao kimoja cha namna hiyo nilimpa mwanafunzi alama zote, na muuguzi wa leba aliyeketi karibu nami akamfelisha. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, wewe umeangalia mikono yake, mimi nimeangalia kifua cha mtoto." Alikuwa na haki: barakoa ilipanda hadi machoni mwa mdoli, hewa ikawa inavujia chini ya kidevu, na kifua hakikuinuka hata mara moja, ingawa hatua zote zilifuatana kama zilivyoandikwa kitabuni.

Orodha yetu ilisema "apumulishe kwa usahihi", na neno hilo kila mmoja wetu alilijaza kwa maana yake. Tulitumia saa nzima kuliondoa na kuweka mahali pake mambo yanayoonekana kwa macho: mtoto amekaushwa na kuchochewa, kichwa kimenyooshwa kidogo bila kupindishwa nyuma mno, barakoa imefunika mdomo, pua na ncha ya kidevu bila kugusa macho, pumzi ya kwanza imetolewa kabla ya dakika moja kuisha tangu kuzaliwa, kifua kinainuka, mwendo ni kama pumzi 40 kwa dakika, na kifua kisipoinuka, mwanafunzi amerekebisha barakoa au kichwa bila kuambiwa. Hilo la mwisho ndilo hutenganisha aliyekariri na aliyeelewa, kwa hiyo msiliache hata kama linawaongezea kazi ya kupima. Rudieni zoezi na mwanafunzi mwingine, na msihamie stadi ya pili mpaka karatasi za mkufunzi na za muuguzi wa wodini zifanane.

Vikao vifanyike mara moja kwa mwezi, siku ile ile, na ratiba ya zamu izingatiwe: muuguzi aliyetoka zamu ya usiku asitarajiwe kukaa darasani hadi adhuhuri. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wenzetu wa Sengerema hawasubiri tena kivuko, ila wa Ukerewe bado wanategemea meli. Haifai wao wawe wageni wa kudumu mjini, hivyo angalau kikao kimoja katika kila minne kifanyike Nansio, na watu wa mjini ndio wavuke.

Kuhusu fedha nitasema kifupi: jumuiya inayoanza kwa posho hufa siku posho inapokatika. Chai na nauli ya anayetoka mbali vinatosha, na vichangwe wazi. Kinachowavuta wauguzi zaidi ni mafunzo endelevu ya kitaaluma, ambayo huhesabiwa wakati wa kuhuisha leseni. Basi ulizeni mapema Baraza la Uuguzi na Ukunga utaratibu wa kutambuliwa kwa vikao vyenu, na msimwahidi mtu alama za mafunzo hayo kabla hamjapata jibu. Muuguzi mfawidhi naye apewe barua rasmi, kwani asipohusishwa ataona mnamchukulia watu wake.

Kundi la WhatsApp litawasaidia kukumbushana tarehe na kutumiana orodha iliyosahihishwa. Picha ya mgonjwa, jina lake au namba ya faili lake visiingie humo kabisa, hata kwa nia ya kujifunza. Anayetaka kusimulia kisa akisimulie kikaoni, bila kumtaja mhusika. Mwanafunzi aliyekosea naye alindwe vivyo hivyo, maana nimeona kosa la saa nne asubuhi likijulikana chuo kizima kabla ya chakula cha mchana, na tangu siku hiyo binti yule hakuomba tena kusimamiwa.

Wekeni daftari moja la karatasi ngumu, ambamo katibu wa siku hiyo, anayebadilika kila kikao, ataandika neno gani la orodha limebadilishwa, kwa nini, na wodi ipi italijaribu kwanza. Daftari na mdoli vikae kwa mwenyeji wa kikao kinachofuata, naye aukague mfuko, valvu na barakoa siku moja kabla, ili kifua kisipoinuka mjue kwamba tatizo liko kwenye mkono wa anayefanya zoezi.