Unyoya wa feniksi kwa uzi wa dhahabu: tarizi ya bi harusi wa Guangdong kwenye koti la leo

Bi harusi wa Guangdong, kusini mwa China, na Hong Kong anayefuata mila huvaa qungua: koti fupi na sketi ya hariri, vimetariziwa joka na feniksi, ndege wa hadithi, kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Hupangwa madaraja kulingana na uzi ulivyoshiba, kuanzia wufu ndogo, ya kati na kubwa hadi guahuang, ambayo kitambaa chake karibu hakionekani kabisa.

Kabla ya yote, elewa jambo hili: uzi wa dhahabu haupitishwi ndani ya kitambaa. Ni utepe mwembamba uliozungushwa juu ya uzi wa ndani, na ukiuvuta tunduni unachubuka. Kwa hiyo unalazwa juu, halafu unabanwa kwa uzi mwembamba wa hariri. Aliyezoea zari za joho ataelewana nao haraka.

Vifaa. Uzi wa dhahabu wa kulaza (ule wa kuigiza unatosha), uzi wa hariri mwekundu, nta ya nyuki, sindano nyembamba, sindano nene yenye tundu pana, fremu ya mstatili, kitambaa cha pamba cha kuwekea nyuma. Fremu ya duara iache; huacha alama na hulegea.

1. Chagua umbo moja tu. Guo Pei, mbunifu wa mavazi wa Beijing, yule ambaye joho lake la manjano Rihanna alilivaa kwenye Met Gala ya 2015, hafla ya mitindo ya New York, anaweza kujaza vazi zima kwa sababu ana karakana nzima ya watarizi. Wewe una mikono miwili. Mimi nachukua unyoya mmoja wa mkia wa feniksi, sentimita 12 hivi, kwenye mkono wa koti la kitani rangi ya krimu. Wekundu wa harusi hauondoki: unahamia kwenye uzi wa kubania. Shangazi atakayeuliza joka limekwenda wapi, mwambie liko kwa bwana harusi, ndani ya koti lake. Tarizi kabla kipande cha mkono hakijaunganishwa na koti.

2. Wamba. Shona kitani juu ya pamba, kisha vuta vyote kwenye fremu mpaka ukigonga kwa kidole visikike kama ngoma.

3. Hamisha mchoro. Chora kwenye karatasi, toboa mstari kwa sindano, weka karatasi juu ya kitambaa na upake unga wa chaki. Unga hupita vitunduni. Unganisha nukta kwa penseli nyembamba kabla hazijafutika.

4. Inua. Watarizi wa Chaozhou, mji wa Guangdong, hujaza pamba chini ya uzi ili magamba na manyoya yatokeze. Kwa koti la kuvaliwa, tabaka moja la feliti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizogandamizwa) katikati ya unyoya linatosha. Likate dogo kuliko mchoro na ulishone pembezoni.

5. Laza na kubana. Hapa usiwe na haraka. Paka nta uzi mwekundu. Chukua nyuzi mbili za dhahabu sambamba, acha mikia ya sentimita 3 juu ya kitambaa, anza na mstari wa nje. Bana kwa mishono midogo inayokatiza nyuzi zote mbili, kila baada ya milimita 3 au 4. Usikaze, mshono ukizama, dhahabu inabonyea na mng'ao unakatika.

Safu ya pili ilaze ukiigusa ya kwanza bila kuipanda, na mishono yake iangukie katikati ya mishono ya safu iliyotangulia, kama matofali ukutani. Penye mviringo sogeza mishono karibu zaidi. Kwenye ncha kali ya unyoya, tenganisha nyuzi: bana wa nje peke yake penye kona, kisha wa ndani, ndipo uzigeuze. Ukizigeuza pamoja, ncha inakuwa butu, na ncha butu ndiyo inayoniudhi kuliko kosa lolote katika kazi hii.

Ukitaka kivuli, sogeza mishono myekundu ikaribiane kuelekea shina la unyoya. Dhahabu itageuka ya joto upande huo. Kwenye ncha panua nafasi, ibaki angavu.

6. Zamisha mikia. Hapa tu ndipo dhahabu inapopita chini, tena kwa ule mwisho wake. Tumia sindano nene, mkia mmoja mmoja, kila mmoja na tundu lake. Nyuma, ushonee kwenye pamba, kisha kata. Ndiyo maana kazi ya mkono ukiigeuza, nyuma unaona vidoa vyekundu na mikia michache, si dhahabu tupu.

7. Malizia. Toa kwenye fremu, punguza pamba ya nyuma, unganisha mkono na koti, weka bitana. Usifue kwa maji wala usipige pasi juu ya dhahabu. Kunyoosha, laza uso wake chini juu ya taulo nene na upitishe pasi ya uvuguvugu pembeni. Kuhifadhi, zungushia karatasi laini isiyo na asidi na usikunje penye unyoya.