Kuchagua Kina cha Biti Unaporekodi Sinthesaiza

Kabla ya kugusa mipangilio ya programu ya kurekodia na kuchagua kina cha biti, yaani idadi ya biti zinazotumika kuandika kila kipimo cha sauti, sikiliza kwanza ukimya wa sinthesaiza yako. Iunganishe na kiolesura cha sauti (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), pandisha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, mpaka noti yenye nguvu kuliko zote ifike desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha mita, kisha ondoa mikono kwenye kinanda huku ukiitazama mita. Chombo kikiwa cha analogi, mita haitatulia kabisa. Tuseme itabaki ikichezacheza kwenye -75, na ukivaa vipokea sauti utausikia mvumo mwembamba. Mvumo huo ndio mpaka halisi wa rekodi yako, na wingi wa biti hauwezi kuuondoa.

Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti kubwa kabisa na sauti ndogo kabisa inayoweza kuandikwa. Biti 16, ambazo ndizo za CD, hutoa takriban desibeli 96, na biti 24 hutoa takriban 144, ingawa saketi za kiolesura chenyewe hazifikii kiwango hicho. Kwa hesabu hiyo mtu angesema kwamba biti 16 zinamtosha, na angekuwa sahihi iwapo sauti ingekaa mahali pamoja. Sinthesaiza haikai mahali pamoja. Ukizungusha kitufe cha kichujio huku resonansi (mkazo wa masafa yaliyo kwenye mpaka wa kichujio) ikiwa juu, masafa mamoja huchomoza ghafla na kilele kikaruka desibeli kadhaa kwa noti moja tu; kikivuka sifuri sauti hupasuka, na pengine pigo hilo ndilo lililokuwa zuri kuliko yote uliyopiga siku hiyo.

Kwa sababu hiyo nakushauri uchague biti 24, si kwa kutarajia sauti nyororo zaidi, bali ili uweze kuacha desibeli 12 hadi 18 za nafasi juu ya sauti bila wasiwasi. Ukiacha desibeli 18 kwenye biti 16, umetoa biti 3 nzima na umebakiwa na desibeli 78 hivi, na hapo noti ndefu inayofifia, ikija kuinuliwa baadaye na kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), inaweza kuonyesha ukwaruzo ambao haukutoka kwenye chombo.

Faili za biti 32 za nukta elea, ambazo namba zake zinaweza kuhifadhi hata sauti iliyovuka sifuri, hufaa sana wakati wa kuchanganya sauti, lakini kama kiolesura chako kinapokea kwa biti 24, sauti iliyopasuka mlangoni itaandikwa ikiwa imepasuka vilevile. Dakika moja ya mono kwa kilohezi 48 (vipimo 48,000 vya sauti kila sekunde) huchukua megabaiti 5.8 hivi kwa biti 16, 8.6 kwa biti 24 na 11.5 kwa biti 32. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa sababu ya kushuka hadi 16.

Vyombo vya kidijitali vya zamani navyo virekodi kwa biti 24. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 hutoa sauti kupitia kigeuzi cha biti 12 (saketi inayogeuza namba kuwa sauti), na ukali wake mdogo ni sehemu ya tabia yake, kwa hiyo unastahili kunaswa kama ulivyo.

Kazi ikihitajika kwa biti 16, ishushe mara moja tu, mwishoni kabisa baada ya kuchanganya, ukiwa umewasha ditha, yaani kelele ndogo sana inayoongezwa ili kuficha makosa ya kupunguza biti.