SOMO: Mambo yakibadilika ghafla, kocha wa shule aanzie wapi?

Walimu wenzangu wa michezo, huku kwetu kandoni mwa ziwa ratiba haidumu. Mara maji yamepanda uwanjani, mara kocha kapata uhamisho, mara mechi imekuwa kiporo kisicho na tarehe. Machi 17, 2020 Serikali ilipofunga shule kwa sababu ya korona, UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, zilisimamishwa siku hiyohiyo. Mtoto aliyekuwa darasa la saba hakuipata tena nafasi ile. Ndiyo maana nasema: shughulika na watoto kwanza, ratiba itafuata.

Hatua ya 1: Waambie wewe mwenyewe, siku hiyohiyo. Wasisikie kwa bodaboda. Anza na nahodha, kisha kusanya timu nzima. Sema unachokijua, usichokijua, na lini utawaletea habari. Kwa mfano: "Mashindano yameahirishwa. Tarehe mpya haijatoka. Ijumaa saa kumi tukutane hapahapa, niwaeleze nitakachokuwa nimesikia kwa afisa michezo." Usiwaahidi tarehe ya kubahatisha. Halafu waache waseme. Atakayelia, mwache alie. Hiyo safari ya mashindano kaiwaza mwaka mzima.

Hatua ya 2: Saa ya mazoezi usiiguse. Kama ilikuwa saa kumi jioni, ibaki saa kumi, hata kama siku hiyo mtakaa darasani mkichora mipira ya kona ubaoni. Timu ikikosa kukutana wiki mbili, kuirudisha ni kazi.

Hatua ya 3: Punguza eneo, mpira uendelee. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25, unatosha wanne kwa wanne. Weka koni mbili kila upande ziwe goli, bila kipa. Wacheze dakika nne, wapumzike mbili, timu zibadilishane. Mtoto ataugusa mpira mara nyingi kuliko akicheza kumi na moja kwa kumi na moja, na yule mwoga wa pembeni hatapata pa kujificha.

Mkihamia kwenye mchanga wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, ombeni kwanza kwa wanaoanika dagaa, na mfupishe muda, maana mchanga unachosha vifundo na misuli ya nyuma ya mguu haraka. Na hili nalisisitiza: mtoto asikimbie kwenye maji ya ziwa yaliyotuama uwanjani, wala asiingie kufuata mpira. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi nzima, bila kidonda. Aliyekwisha kuingia apelekwe zahanati akapimwe.

Hatua ya 4: Mkirudi, rudini polepole. Baada ya wiki tatu za kukaa, pumzi imeshuka. Wiki ya kwanza fanyeni nusu ya mazoezi ya zamani, ya pili robo tatu. Mbio za kasi ziwe za mwisho kurudi, kwa sababu hapo ndipo misuli ya nyuma ya paja huchanika.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shikamoo. Niko Ukerewe. Timu ikiwa tayari kuvuka na ziwa likachafuka, tufanyeje?*
Marahaba. Msivuke. Mpigie mwalimu mwenzako na mkuu wa shule hapohapo. Kisha wagawe watoto timu mbili, wavae jezi zilezile, wacheze saa ileile ya mechi. Mkivuka siku nyingine, kila mtoto awe na boya lake mwilini.

*Mimi nafundisha hisabati. Kocha amehamishwa, nimekabidhiwa timu ya wasichana na sijui lolote.*
Kabla hajaondoka, mwombe daftari: namba za wazazi, nani ana pumu, nani ana kifafa, nani goti linamsumbua. Nahodha aongoze kupasha misuli. Kwa wiki za mwanzo usibadilishe nafasi ya mchezaji yeyote. Waambie wakuoneshe wanavyocheza.

*Ngurumo zikianza katikati ya mazoezi?*
Piga filimbi, waingie darasani, si chini ya mwembe. Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, anza upya.

*Baba wa mchezaji wangu anasema mashindano yamekufa, kijana aende dagaa usiku. Sasa anasinzia darasani.*
Nenda nyumbani kwake, tena na mwalimu wa darasa, kabla hujampigia simu mtu wa juu. Msalimie mzee vizuri, msikilize. Huenda shida ni chakula cha nyumbani. Kisha mweleze wazi kwamba ziwa la usiku ni hatari na si kazi ya mtoto wa shule. Mwombe amruhusu kijana arudi kwenye mazoezi ya saa kumi na usiku alale nyumbani. Mzee akikataa, wajulishe mkuu wa shule na mtendaji wa mtaa. Hilo usilibebe peke yako.