Magunzi na vipande vya mbao: kupunguza nitrati kwenye maji ya kitalu nyumba

Maji yanayochuruzika kutoka kitalu nyumba cha nyanya bado yana mbolea uliyoinunua, kwa hiyo ukiwa na mahindi au majani ya mifugo upande wa chini, mwagilia huko kwanza. Yanayozidi ndiyo ya kusafisha. Udongo haushiki nitrati, yaani naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka majini. Huzama na maji hadi kisimani. Kuchemsha hakusaidii, maana maji hupungua na nitrati hubaki.

Bakteria wanaoigeuza kuwa gesi ya naitrojeni tayari wamo udongoni. Wanataka kaboni kama chakula, na maji yasiyo na oksijeni. Shimo la magunzi na mbao zilizozama huwapa vyote viwili.

Chimba shimo la urefu wa mita 10, upana mita 2 na kina mita 1, ulitandike karatasi nzito la plastiki. Theluthi ya kwanza, maji yanapoingilia, jaza magunzi. Kwingine vipande vya mbao vya sentimita 1 hadi 3. Magunzi hutoa kaboni kwa kasi lakini huisha mapema, mbao hudumu miaka. Vumbi la mbao huziba, usilitumie. Mbao au nguzo zilizotiwa dawa usiziguse kabisa: nyingine zina aseniki.

Upande wa kutokea, simamisha bomba lenye mdomo sentimita 80 juu ya sakafu ya shimo. Mdomo huo ndio unaoamua kina cha maji. Kilicho juu yake hupata hewa na kuoza bure.

Meta moja ya ujazo iliyozama ikadirie kuondoa gramu 5 za naitrojeni kwa siku. Hapa zimezama 16, yaani gramu 80. Maji yenye nitrati miligramu 90 kwa lita yana naitrojeni takriban miligramu 20, hivyo shimo hili linatosha lita 4,000 kwa siku. Ukiyasukuma mengi zaidi, nitrati itapita tu.

Majuma ya mwanzo maji hutoka ya kahawia na hula oksijeni: yamwage kwenye miti, si mtoni wala bwawa la samaki. Harufu ya yai viza baadaye ina maana nitrati imekwisha na bakteria wamehamia salfati, chumvi yenye salfa iliyomo majini. Shusha mdomo wa bomba maji yapite haraka. Maji ya matope yatulie kwanza kwenye pipa, la sivyo matundu yatajaa. Pima nitrati yanapoingia na yanapotoka kila mwezi, na magunzi yakibonyea ongeza mengine juu.